Betri za Siku Ile

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mimi sijaiacha na yenyewe haijaniacha. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro, nimevaa shati jeupe la kuazima, nimekaa nyumbani kwa wakwe zangu kule Ogwedhi, na baba yangu ameketi kando yangu anacheka. Nyumba nzima ilikuwa inacheka, naye anacheka nao. Halafu akanigusa goti, akaniuliza polepole, "Amesema nini?" Nikamjibu kwa ishara ya mkono na midomo, "Nitakwambia njiani, baba."

Nitaifikia siku hiyo. Usinikimbize.

Kwanza nikwambie kilichonikumbusha. Jana tulikuwa mezani, mjukuu wangu mmoja akasema jambo, wote wakaangua kicheko, hata bibi yenu akaweka kijiko chini apanguse machozi. Mimi na vifaa vyangu viwili masikioni nikacheka pia. Kicheko kilipopoa nikauliza, "Mlikuwa mnasema nini?" Kijana akanipungia mkono. "Wachana nayo, Kwara. Haikuwa kitu ya maana." Kwara kwa Kijaluo maana yake ni "babu yangu", na alilitamka kwa upendo, huyo ndiye anayepiga magoti kunitafutia betri ikidondoka chini ya kitanda. Lakini neno lake lilinichoma, ugali ukanishinda. Nikaondoka mezani, nao wakadhani nimeshiba.

Watu wanafikiri ukishavaa vifaa hivi umerudishiwa masikio ya ujana. Wapi! Vinakurudishia kelele kwanza, maneno baadaye, kama yatakuja. Mvua ikipiga bati nasikia kama lori linamwaga kokoto juu ya kichwa changu. Mtu akitafuna mahindi ya kuchoma karibu nami, namsikia yeye na mahindi yake, na yule anayenisemesha simsikii. Mtoto akinikumbatia, kifaa kinapiga mluzi, mtoto anaruka. Betri zenyewe ni ndogo kama punje ya kunde, na vidole vyangu hivi vimezoea spana. Kanisani nasikia kikohozi cha kila muumini, mahubiri yananipita. Na kuchoka je? Hakuna aliyenionya habari ya kuchoka. Wewe unasikia umekaa tu. Mimi ikifika jioni nimechoka utadhani nilikuwa nalima.

Hata hivyo navivaa kila asubuhi, nikishaoga, kabla sijamsalimu mtu. Nina sababu yangu, na sababu yenyewe ni baba.

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kusaga unga pale Magunga. Injini yake ilikuwa ya dizeli, ya kizamani, ukiiwasha hata kuku wa jirani wanahama. Alisimama kando ya injini hiyo tangu mimi sijazaliwa. Kwa mlio peke yake alijua mahindi yamebaki kiasi gani, na kama mtama wa mteja una mchanga. Mashine ile ilitulisha sisi sote, lakini ilimmaliza masikio. Baadaye nikaichukua mimi, pamoja na ushauri wake wa kuziba masikio kwa pamba, ushauri ambao niliudharau kabisa. Basi unaniona nilivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, madaktari fulani wageni walipita Homa Bay, wakampa kifaa cha kumsaidia kusikia. Usifikirie hivi vya siku hizi vinavyojificha nyuma ya sikio. Kilikuwa kisanduku, unakivaa kifuani ndani ya shati, na waya unapanda shingoni mpaka sikioni. Shati likikisugua, yeye alisikia ngurumo. Akiinamisha kichwa vibaya, kinalia mluzi. Kilitumia betri nyembamba za tochi ndogo, na zikichoka alizianika juu ya bati, kama tulivyokuwa tunafanya na za redio, akapata siku mbili zaidi. Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa waya. Ulianza kukatika pale unapojikunja, akaufunga kwa uzi, na tulipoutafuta mwingine Homa Bay hatukuupata, wala Kisumu.

Watoto wa kwetu Kisegi wakamwita Mzee Redio. Yeye alicheka, akawauliza wanataka stesheni gani. Mimi sikucheka. Niliona haya, mwanangu. Nakwambia wazi kwa sababu aibu hiyo ndiyo iliyozaa yote haya.

Nikampata Akeyo, mwalimu wa chekechea pale Magunga, bibi yenu huyuhuyu. Kwao ni Ogwedhi, kule mpakani. Ikapangwa siku ya kwenda kujitambulisha na kuzungumza mahari. Kwetu mzazi anaweza kubaki nyumbani. Wanatosha wazee wachache na jagam, yule msemaji anayeunganisha pande mbili. Lakini baba akakataa kubaki. Mama yake alikufa yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akalelewa mwaka huu nyumba hii, mwaka ujao nyumba ile. Hakuwa na picha ya mama, hakuwa na mtu wa kumsimulia, hata kaburi alionyeshwa kwa kidole tu, kwamba ni pale.

"Mimi sikuwa na mtu wa kuniendea popote," aliniambia. "Wewe unaye. Nitaenda."

Tulifika Ogwedhi siku ya mnada, ng'ombe wamejaa barabarani, vumbi mpaka kwenye meno. Kabla ya kuingia kwa wakwe nikamvuta baba nyuma ya duka moja. Kwa wakwe zetu, mwanangu, hata kukohoa unakohoa kwa adabu. Nikaufikiria mluzi ule ndani ya nyumba ile. Nikamfikiria mama mkwe akisema, hawa ni viziwi, na wajukuu wetu watazaliwa viziwi. Nikaona Akeyo ananiponyoka.

"Baba, leo kifaa kikae kwenye begi."

"Nitasikiaje?"

"Nitakaa kando yako. Kila kitu nitakwambia."

Alinitazama kidogo. Kisha akafungua vifungo vya shati, akatoa kisanduku, akauzungusha waya taratibu asiukunje, akauweka vizuri juu yake, akanikabidhi begi. "Haya," akasema, "leo wewe ndiwe masikio yangu." Nikaitikia ndiyo, huku natazama saa.

Ndani, kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa, wazee walianza kufuatilia ukoo, wasije wakaozesha ndugu kwa ndugu. Wewe ni wa nani, mama yako alitoka wapi, bibi yako je? Msemaji wetu, baba mdogo Ouma, alipotaja jina la mama yake baba na mahali alipokuwa ameolewa, mama mmoja mzee sana aliyekuwa amekaa mkekani karibu na ukuta akainua kichwa. Huyo alikuwa Dani Adongo, bibi yake Akeyo. Dani ndivyo tunavyomwita bibi.

"Huyu?" akasema, akinyoosha kidole. "Huyu mwenye mvi? Nimembeba mgongoni huyu! Ameninyeshea mkojo huyu!"

Hapo ndipo nyumba ilipolipuka kwa kicheko, na baba akacheka, na akanigusa goti.

Dani Adongo alieleza kwamba alipokuwa msichana mdogo alipelekwa Kisegi kwa dada yake aliyeolewa huko, awe japidi, mlezi wa mtoto. Jirani yao alikuwa mama yake baba. Walikwenda pamoja ziwani kuteka maji, na huyu akishika mtungi, yule anambeba mtoto. Wazee wakauliza hili na lile, wakaona hakuna undugu wa damu, wakaridhika. Lakini Dani alikuwa hajamaliza. Alisimulia mama yule alivyokuwa anatembea, na alivyokuwa amemtungia mtoto wake wimbo wa kumbembeleza, na ndani ya wimbo kulikuwa na jina alilomwita yeye peke yake. Akauimba. Haukuwa mrefu. Mmoja mmoja wakainamisha nyuso, mama mkwe akiwa wa kwanza.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa palepale, na masikio yangu mazima mawili. Lakini Akeyo alikuwa amepita mlangoni na sinia, na mimi nikawa namtazama Akeyo, na huku nahesabu kichwani kama baba mdogo Ouma atakumbuka kupunguza ng'ombe. Sauti niliisikia. Maneno yaliingia yakatoka.

Baba alipoona watu wameinamisha nyuso, naye akainamisha wake. Alifuata nyuso kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Kila baada ya muda aliniangalia mdomo, akisubiri.

Tulikubaliwa. Tukala, tukaombewa, tukaondoka, nami nimejaa furaha tele. Kwenye gari baba akaniuliza tena. "Yule mama mzee alikuwa ananitazama sana. Alisema nini?" Begi lenye kifaa lilikuwa juu ya gari, ilibidi nipaze sauti ili anisikie, na abiria walikuwa wamejaa. Nikaona taabu. Nikamsogelea sikio nikasema, "Hakuna kitu, baba. Ni mambo ya kina mama ya zamani." Akatikisa kichwa, hakuuliza tena. Sikuwa na nia mbaya, mwanangu. Nilikuwa mvivu tu.

Baada ya wiki mbili baba mdogo Ouma akaja pale kwenye mashine. Baba alizima injini, akavaa kifaa chake, wakaketi kwenye magunia. Ouma akasema, "Sasa niambie, mzee mwenzangu. Ulisikiaje kuimbiwa wimbo wa mama yako baada ya miaka yote hiyo?"

"Wimbo gani?"

Ouma akageuka akanitazama. Baba naye akageuka akanitazama. Akavuta benchi, akaliweka mbele yake, akaninyooshea mkono nikae. Akanyoosha waya, akakiweka kisanduku juu ya shati, kikanielekea mimi.

"Sasa sema."

Nikasema nilichokuwa nacho. Kwamba alibebwa, kwamba alikojoa, kwamba mama yake na Dani Adongo walikwenda ziwani pamoja. Baba alikuwa anakunywa kila neno. Alinifanya nirudie habari ya mtungi.

"Na wimbo?"

"Aliuimba, baba."

"Alisemaje?"

"Sikushika."

"Na jina? Mama yangu aliniita nani?"

"Baba, sikushika."

Ouma naye aliulizwa, akasema alisikia kwamba ni wimbo wa mtoto, na kichwa chake siku hiyo kilikuwa kwenye ng'ombe. Nilikuwa nasubiri matusi, hata kofi ningelipokea. Baba hakupaza sauti. "Tulikuwa wawili pale," akasema, "na wewe ndiwe uliyekuwa na masikio." Akavua kifaa, akainuka, akaenda kuiwasha injini.

Akeyo aliposikia, alinifokea mpaka nikatafuta pa kuingia. Halafu akamwendea baba, akamwambia shule ikifungwa atakwenda nyumbani, atamwuliza Dani, ataandika wimbo wote kwenye karatasi. Baba akamshukuru, lakini akakataa. "Maisha yangu yote nimeletewa habari za mama yangu na watu ambao hawakumjua," akasema. "Huyu alimjua. Huyu nataka kumsikia kwa mdomo wake." Nikamwambia basi twende kesho. Akanikumbusha kwamba kwa wakwe hauibuki tu bila kuitwa, na hakutaka kuniharibia ndoa yangu. Tungeitwa siku ya kupeleka ng'ombe, mavuno yakiisha. Angesubiri.

Akanunua betri mpya Magunga, dukani kwa Hassan, akazichagua mwenyewe zikiwa bado kwenye karatasi yake. Akazifunga kwa nailoni, akazitia ndani ya mkebe wa majani ya chai pamoja na kisanduku na ule waya uliofungwa uzi, akaufunika. Tangu siku hiyo hakukivaa tena kifaa. Nilimsihi. Nilimwandikia kwa kidole vumbini, VAA, BABA. Akanijibu, "Betri ni za siku ile. Na waya pia."

Miezi mingapi ilipita hivyo sijui, lakini mahindi yalipandwa yakapaliliwa. Wageni walikuja wakamwaga habari, naye akawatazama tu. Tulikula pamoja tukisemezana kwa mikono. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba, amefumba macho, anavumisha kitu kwa midomo iliyofungwa. Alijaribu hivi, akaacha. Akajaribu vile, akatikisa kichwa. Alikuwa anautafuta. Mimi nilirudi nyuma kimyakimya, na sijui kwa nini nilinyata, maana asingenisikia hata ningekanyaga vipi.

Kisha asubuhi moja, mimi ndiye ninayesaga na baba yuko nyumbani, kaka yake Akeyo akaja pale kwenye mashine, viatu vimejaa vumbi. Nikazima injini. Alichoniambia alikisema kwa maneno machache. Nikampandisha kwenye baiskeli, tukateremka mpaka Kisegi. Baba alikuwa ameketi uani anabambua njugu. Nikamwonyesha sikio langu, nikagusa kifua: vaa kifaa.

Akanitazama mimi, akamtazama kijana wa Ogwedhi nyuma yangu. Mwanangu, uso wa baba yangu uling'aa. Aliinuka njugu zikamwagika. Akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amebadilisha shati, mkebe mkononi, anapuliza majani ya chai kwenye kisanduku. Betri aliziweka sawa. Akapandisha waya, akawasha, kikalia mluzi, akacheka.

"Wametuita?"

Nilitamani mimi ndiye niwe bubu.

"Dani Adongo amekufa, baba."

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, niliona machoni mwake. Lakini nilirudia mara ya tatu, neno kwa neno, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, sauti ambayo ningeitumia kule Ogwedhi, na kwenye gari, bila kujali abiria. Hilo ndilo neno ambalo baba alilisikia kwa betri zile.

Tulikwenda mazishini. Alikivaa kifaa juu ya shati, mbele ya wakwe wote, na hakuna aliyesema neno baya. Mama mkwe mwenyewe alimshikia waya usinaswe kwenye kiti. Yote niliyoyaogopa hayakuwepo. Baba aliwapitia kina mama wazee mmoja mmoja, akawauliza kama kuna anayeujua wimbo. Hakuna. Siku ile waliusikia mara moja tu ukawapita, na siku nyingine Dani aliwaimbia watoto wachanga tu, wakasema. Akeyo akalia, akamwambia, "Hata mimi aliniimbia, baba. Lakini nani anakumbuka alichoimbiwa akiwa mgongoni?"

"Ni kweli," baba akamjibu. "Hata mimi nilikuwepo."

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na bibi zake wakaja kumbembeleza, baba alikuwa anasogeza kiti chake karibu na mlango, kisanduku amekielekeza ndani. Alisikiliza kila mama aliyeimba. Aliendelea hivyo mpaka waya ukakatika mahali ambapo uzi haukusaidia. Sasa baba hayupo. Mkebe ninao mimi.

Na mimi, nikivaa vifaa vyangu asubuhi, kitu cha kwanza ni kusikiliza kama kuna mama anapita njiani na mtoto mgongoni. Najua ni upuuzi. Hata wimbo ule ukiimbwa mbele yangu, nitautambuaje? Namkumbuka sana baba yangu, mwanangu. Natamani aniguse goti mara moja tu, aniulize.

Leo asubuhi nilimwita yule mjukuu wangu wa jana. Nikamkalisha mbele yangu, nikamwambia, "Sasa sema kile mlichokuwa mnacheka." Akaona haya, akasema. Sikushika, akarudia. Mara ya tatu nikashika. Haki ya Mungu, hakikuchekesha hata kidogo. Nilicheka mpaka nikatoka machozi.

Basi nasaha yangu ni hii, wala si kubwa. Ukimwona mtu anacheka na wenzake huku macho yake yanatafuta midomo yenu, usimwache afuate nyuso. Mwambie kilichosemwa. Mwambie palepale, mgeukie akuone mdomo, usimpigie kelele, sema taratibu. Usimwambie "baadaye", usimwambie "hakuna kitu", na usimwambie "wachana nayo", kwa sababu hujui ni neno gani amelisubiri tangu utotoni. Na ukiaminiwa kuwa masikio ya mtu, sikiliza, hata kama Akeyo wako anapita mlangoni.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe uzee. Akupe nyumba yenye watu wanaocheka. Na masikio yako yakichoka, kwa maana yatachoka, akupe mtu wa kukurudia neno mara ya tatu bila kukunja uso.